Starta Haifi Peke Yake

Ukizungusha ufunguo na gari likakujibu kwa "tak" moja nzito kisha likanyamaza, usikimbilie dukani. Kama una haraka, ushauri wangu kuhusu starta, ile mota inayozungusha injini ili iwake, umeishia hapo. Lakini sababu zake ni ndefu, na naona zinastahili kuelezwa, maana hapa Nakuru sikosi kukutana na mtu aliyebeba starta mpya ndani ya boksi, ametoa pesa nyingi, na baada ya miezi michache unamsikia akilalamika kwamba hata hiyo mpya imekufa. Anamlaumu muuzaji, anamlaumu fundi, anailaumu nchi iliyoitengeneza. Ule waya mnene uliozeeka chini ya betri yake haulaumiwi na mtu.

Tuanze na masikio, kwa kuwa hayahitaji kununuliwa. "Tak" moja nzito maana yake solenoidi, ile swichi ya sumaku iliyoko kwenye starta, imepata umeme mdogo kutoka kwenye ufunguo na imevuta, lakini umeme mkubwa wa betri haukuvuka kwenda kwenye mota, au umevuka ukiwa dhaifu. "Tak-tak-tak" za haraka mfululizo ni hadithi nyingine: solenoidi inavuta, mota inadai umeme wake, volti zinaporomoka, solenoidi inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Hapo shaka iende kwa betri au kwa kiungo kilicholegea. Mota ikizunguka kwa mlio mwembamba huku injini imetulia tuli, bendiksi, ile gia ndogo inayochomoza kutoka kwenye starta, haishiki meno ya flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, au klachi yake ndogo ya ndani inateleza. Na kama hakuna sauti yoyote, fuata umeme mdogo: swichi ya ufunguo, fyuzi, rilei, na waya mwembamba unaoshuka hadi kwenye solenoidi. Dereva anayeweza kumweleza fundi kwa simu ni sauti ipi aliyoisikia amekwisha kumpunguzia kazi.

Gari langu ni Land Cruiser pikapu ya mwaka 1993, injini ya 1HZ: dizeli, silinda sita mstari mmoja, lita 4.2, haina tabochaja. Baba aliinunua kwa ajili ya viazi. Aliibebesha magunia kutoka Mau Narok hadi Nakuru kwa miaka mingi, na alipotutoka nikaendelea na kazi ile ile, ila njia ikawa ndefu zaidi: nachukua viazi Molo na Kuresoi, napitia Mau Summit na Londiani, nateremka Kericho, natokea Ahero, nashusha Kisumu na vijiji vya uwanda wa Kano. Watu huniuliza kwa nini nisiiuze nitafute ya karibuni. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hiyo za rika lake haziji tena. Zilizopo ndizo hizi tulizo nazo, na wanaoziuza wanalijua hilo. Zaidi ya hayo, naipenda. Pampu yake ya mafuta ni ya kimakanika. Injini ikishawaka, umeme inaouhitaji ni kidogo mno: waya mmoja wa kufungulia mafuta kwenye pampu. Hakuna kompyuta ya kuniwekea mgomo nikiwa katikati ya tope.

Kuiwasha, hata hivyo, ni kazi nzito. Dizeli haina plagi za cheche. Hewa inabanwa mpaka inapata joto la kutosha kuwasha mafuta. Kwenye 1HZ hewa hubanwa zaidi ya mara 22, wakati injini ya kawaida ya petroli hubana kama mara 9 au 10. Starta ndiyo inayosukuma pistoni sita dhidi ya ukinzani huo, na kwa muda huo mfupi inakula mamia ya ampea. Mwaka 1912, huko Marekani, Cadillac walianza kuuza magari yenye starta ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Kabla ya hapo watu walizungusha injini kwa hendeli ya chuma, na hendeli ikirudi kinyume ilivunja mikono. Kettering alitambua kwamba mota ya starta haifanyi kazi siku nzima, kwa hiyo unaweza kuibebesha mota ndogo mzigo unaozidi uwezo wake, mradi iwe kwa sekunde chache tu. Starta zote tulizo nazo leo zinaishi kwa mapatano hayo. Ukishikilia ufunguo zaidi ya sekunde kumi hivi, umeyavunja. Ukipumzika chini ya nusu dakika kabla ya kujaribu tena, umeyavunja mara mbili.

Na huku kwetu kila kitu kinakushawishi uyavunje. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai, oili imekuwa nzito, betri imepoteza sehemu ya nguvu zake kwa baridi, na gunia la mwisho limeshapakiwa. Wateja wa Kisumu wanataka mzigo kabla jua halijawa kali. Nani atakubali kuuachia ufunguo? Kisha unateremka zaidi ya mita elfu moja mpaka Kano, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi ambao mvua ikinyesha hugeuka gundi, na mto Nyando ukifurika barabara za vijijini zinakuwa mabwawa. Maji hayo hupanda mpaka kwenye kifuniko cha flaiwili, na starta imefungwa hapo hapo, chini, ubavuni mwa injini inapokutana na gia boksi. Tope likikauka humo ndani huacha vumbi laini kama unga. Gari linalofanya kazi kati ya Mau na ziwa linapigwa na baridi asubuhi na maji mchana, siku ile ile.

Yangu ilikata tamaa huko Kano, ndani ya Ahero. Nilizima injini ili vijana washushe magunia, na nilipotaka kuondoka ikanijibu "tak". Nikajaribu tena, "tak". Kusukuma pikapu yenye uzito wa tani mbili kwenye tope lile ni ndoto, na huko hakuna mteremko. Kijana mmoja wa pale, ambaye bila shaka alishaona hali hii, akaingia chini ya gari na kipini cha spana ya magurudumu, akaniambia, "Auntie, nikisema sasa, washa." Akaigonga starta taratibu huku mimi nimezungusha ufunguo. Injini ikashika. Kugonga kuna maana yake: brashi za kaboni zikiwa fupi hazifiki vizuri kwenye shaba inayozunguka, na mtikiso mdogo huzisogeza; au shaba za ndani ya solenoidi zimeliwa upande mmoja, na mtikiso hukipa kisahani chake mahali pengine pa kugusa. Ni msaada wa kukufikisha nyumbani tu. Ukigonga kwa nguvu unaweza kupasua sumaku kwenye starta za aina fulani, na ukigonga kila asubuhi unajidanganya. Sikuizima tena hadi Nakuru.

Fundi wangu wa umeme ana kibanda kwenye jua kali ya hapa mjini. Alimtengenezea baba, sasa ananitengenezea mimi, na huniita binti yake hata mbele ya wateja wengine. Nilipofika niliharakisha kumwambia, "Mzee, starta imekufa. Nikanunue?"

"Binti yangu, starta haifi peke yake," akasema. "Pesa ni zako, lakini kwanza tumtafute aliyeiua. Usipomjua, hata hiyo mpya ataimaliza."

Kazi iliyofuata ndiyo ninayotaka kila mwenye gari la zamani aijue, kwa sababu inahitaji mita ya kupimia umeme ya bei ya kawaida, mtu wa kuzungusha ufunguo, na subira. Pikapu yangu ina betri mbili za volti 12 zilizoungwa sambamba, hasi kwa hasi na chanya kwa chanya. Zikiwa zimeungwa hivyo, mita husoma namba ile ile kwa zote mbili, na iliyo mbovu hujificha nyuma ya nzuri. Mzee alizitenganisha, akaziacha zilale usiku kucha. Asubuhi moja ilisoma 12.6, kiwango cha betri iliyojaa. Nyingine ilisoma 11.9. Hiyo ya pili ilikuwa imeinyonya mwenzake kila usiku, nami nilikuwa nadhani ni baridi ya Molo.

Akafunga betri nzuri mahali pa ile mbovu, akachomoa ule waya wa kufungulia mafuta kwenye pampu ili injini izunguke bila kuwaka, kisha akaanza kupima wakati starta inafanya kazi. Kupima gari likiwa limelala hakukwambii kitu hapa. Waya uliooza utakuonyesha volti 12 safi kabisa kama hakuna mzigo unaopita ndani yake. Hesabu yake nimeirudia mara nyingi kwa marafiki: volti zinazopotea njiani ni ampea ukizidisha kwa ohmu. Chukua ukinzani mdogo sana, ohmu 0.01, ambao mita ya kawaida hata haiwezi kuusoma vizuri. Taa ya kichwa ikivuta ampea 5 kupitia hapo, unapoteza volti 0.05, na macho hayatambui. Starta ikivuta ampea 250 kupitia hapo hapo, unapoteza volti 2.5. Kwa hiyo taa kuwaka vizuri si ushahidi kwamba nyaya ni nzima.

Mzee aliweka ncha moja ya mita kwenye nguzo chanya ya betri na nyingine kwenye boliti ya waya mnene pale kwenye starta. Nikazungusha ufunguo. Safari hii ikazunguka, kwa uvivu: 0.6. Ni juu kidogo, kwa kawaida ungependa isizidi 0.5. Akahamia upande wa pili, nguzo hasi ya betri na chuma kitupu cha injini: 1.8. Akaniita nije nisome mwenyewe. Nguzo za betri zenyewe zilikuwa zikisoma 10.4 wakati huo. Toa 1.8, toa 0.6, starta ilikuwa imebakiwa na volti 8 za kuzungushia silinda sita za dizeli.

Watu wengi husahau upande wa hasi kwa kuwa starta haina waya wa hasi. Angalia vizuri: inaingia waya mnene mmoja na mwembamba mmoja, basi. Umeme wote unaoingia kwa waya mnene hutokea kwenye bodi ya starta yenyewe, unapita kwenye boliti zilizoifunga, unaingia kwenye injini, na kurudi betri kwa waya wa hasi. Boliti zikilegea, au mahali pa kukutania pakiwa na kutu na tope, njia ya kurudi imezibwa. Waya wa hasi wa gari langu ulikuwa umekatwa ncha zamani na fundi asiyejulikana, nyuzi za shaba zikabanwa kwa vibao viwili na boliti, mtindo utakaouona kwenye magari mengi huku. Mzee alipochana plastiki yake kwa kisu, shaba ndani ilikuwa imegeuka unga wa kijani kwa urefu wa kiganja. Nje ulikuwa mweusi, safi, mzuri. Upande wa injini, ncha ilikuwa imefungwa juu ya rangi na udongo wa Kano.

Sasa muone jinsi waya unavyoua starta. Volti zikiwa chache, mota huzunguka polepole, injini huchelewa kushika, na dereva hushikilia ufunguo muda mrefu zaidi. Mota iliyopangiwa sekunde chache inakaa kwenye moto mara tatu au nne ya muda wake. Wakati huo huo solenoidi yenye volti haba haibani shaba zake kwa nguvu. Cheche zinaruka kati yake, na kila cheche inakula shaba kidogo. Hita nazo zilishiriki. 1HZ ina hita sita za kupasha joto vyumba vya mwako kabla ya kuwasha. Mzee alizipima moja moja kwa mita na mbili zilikuwa zimekatika. Silinda mbili baridi kati ya sita, kwenye baridi ya Molo, huongeza sekunde nyingine kwenye ufunguo. Betri mbovu, waya uliooza, hita zilizokufa: vyote vilikuwa vimeiangukia starta, kwa kuwa ndiyo inayofanya kazi huku vingine vimenyamaza.

Kuitoa kunahitaji uvumilivu kuliko ujuzi. Hasi ya betri hutolewa kwanza, na hili silisemi kwa desturi tu: waya mnene wa starta hauna fyuzi, na spana ikigusa boliti yake na chuma cha gari kwa pamoja, betri inamwaga nguvu zake zote kupitia spana hiyo. Kwenye gari lenye betri mbili, toa hasi zote mbili. Kisha unaingia chini, gari likiwa kwenye stendi imara, si kwenye jeki pekee. Boliti ya chini ni rahisi. Ya juu unaifikia kwa kiungio kirefu cha boksi spana, ukipapasa bila kuiona, na kama haijafunguliwa kwa miaka mingi inahitaji mafuta ya kulainisha kutu usiku uliotangulia. Starta yenyewe ni nzito, usiiachie ikuangukie usoni. Mzee ananisifu kwa kuwa na mikono myembamba. Boliti ile ya juu niliitoa mimi.

Tundu likiwa wazi, tumia nafasi hiyo kuangalia meno ya flaiwili. Mtu mmoja anazungusha injini kwa spana kutoka mbele, mwingine anamulika kwa tochi na kuangalia meno yanavyopita. Injini ya silinda sita huelekea kusimama katika mojawapo ya sehemu tatu zile zile kila ikizimwa, kwa hiyo meno huliwa kwa mafungu. Yangu yalikuwa yamechakaa kingo, lakini hayakuwa yamevunjika. Kama yangekuwa yamevunjika, ingebidi gia boksi ishuke, na hapo ningekuwa naandika habari nyingine.

Nilimwomba Mzee tuifungue pamoja ile ya zamani. Ilikuwa Denso ya asili, aina yenye gia ndani: mota ndogo inazunguka kwa kasi kubwa, gia zinapunguza kasi na kuongeza nguvu. Ukiondoa kifuniko cha solenoidi nyuma unaona mara moja ugonjwa unaojulikana zaidi wa starta hizi: vipande viwili vya shaba na kisahani cha shaba kinachoviunganisha. Vyangu vilikuwa vimeliwa, cha upande wa betri kikiwa kimebaki chembamba sana na kimeinama. Kama ugonjwa ungekuwa huo tu, tungeweka shaba mpya, ambazo bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya starta, na gari lingeondoka saa hiyo hiyo. Starta nyingi zinazotupwa huku kwetu zina ugonjwa huo peke yake. Ndiyo maana naumia nikiziona kwenye mizani ya vyuma chakavu.

Yangu ilikuwa imepita hapo. Brashi nne zilikuwa zimebaki vipande vifupi, na udongo mwekundu na mweusi ulikuwa umejaa mpaka kwenye bushi. Amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, ilinuka kuungua kabla hata hatujaigusa. Mzee aliweka ncha moja ya mita kwenye vipande vya shaba vinavyozungukwa na brashi, nyingine kwenye shafti. Pale panatakiwa pasipitishe umeme kabisa. Mita ikalia. Nyaya za ndani zilikuwa zimegusana na chuma. Amecha ya mota ndogo ya nyumbani mafundi husuka upya, lakini ya starta ni vipande vinene vya shaba, na Mzee hapendi kudanganya watu. "Hii imekwenda," akasema. "Sasa ndiyo unaweza kununua."

Kwenye kununua nina maoni makali. Mpya ya asili kwa wakala ndiyo bora, na bei yake inamfaa mwenye kampuni. Za kopi ziko madukani kote, zinang'aa. Nimeshika kadhaa na nikaona ni nyepesi kuliko zinavyostahili kuwa, na nashuku wepesi huo umetoka kwenye shaba. Mimi nilitafuta eksi-Japani, yaani iliyotolewa kwenye gari lililobomolewa, ya Denso, kisha tukaifungua. Duka la kwanza lilitukataza kuifungua kabla ya kulipa, nikaondoka. La pili lilikubali. Hapo kuna mtego mmoja ambao umewapata wengi: Land Cruiser nyingi zilizouzwa Japani zenyewe zinatumia volti 24, na starta zake zinafanana na zetu za volti 12 kwa sura. Ukiifunga ya 24 kwenye gari la 12 itazunguka kinyonge, nawe utadhani umeuziwa mbovu. Ukiifunga ya 12 kwenye gari la 24 utaichoma. Soma kibati kilichopo ubavuni. Kama kimefutika, usinunue. Hesabu pia meno ya piniani, yaani ile gia ndogo inayoshika flaiwili, na ulinganishe na ya zamani, na uangalie mashimo ya boliti yapo pembe ile ile.

Tuliyoipata tuliiwekea shaba mpya za solenoidi na brashi mpya, ingawa zake zilikuwa na maisha bado. Ukishaifungua, hakuna sababu ya kuziacha. Kuna kigololi kidogo cha chuma kinachokaa kati ya solenoidi na shafti ya klachi. Huanguka kimya kimya ukigeuza starta vibaya, na bila hicho bendiksi haitokezi. Kijana anayefunzwa na Mzee huwa anakiweka mdomoni mwa chupa ya soda mpaka wakati wake ufike. Grisi kidogo kwenye gia na kwenye mifereji ya shafti, na isifike kamwe karibu na shaba wala brashi. Kisha majaribio juu ya meza, starta imebanwa kwa jiliwa, kwa sababu ikipewa umeme huruka kwa nguvu ya kumvunja mtu kidole.

Kabla ya kuirudisha tulisugua mahali pa kukutania kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, kwenye starta na kwenye injini. Waya wa hasi na wa chanya tulitengeneza vipya, shaba ya milimita za mraba 70, ncha zikabanwa kwa mashine ya haidroliki na kufunikwa plastiki inayosinyaa kwa moto. Fundi akitaka kukubania ncha kwa nyundo juu ya jiwe, mkataze kwa heshima. Tukaongeza pia waya wa kuunganisha injini na chesisi, kwa sababu ule wa awali haukuwepo tena. Gari likikosa njia nzuri ya hasi, umeme wa starta hutafuta njia nyingine, hata kebo ya mafuta inayotoka kwenye pedali, na nimeona kebo ya namna hiyo imeungua ganda lake huku mwenyewe akishangaa moshi unatoka wapi. Betri zikanunuliwa mbili, za aina moja, siku moja, maana kuoanisha mpya na ya zamani ni kumfunga ng'ombe mzima nira moja na mgonjwa. Hita zilizokufa zikabadilishwa.

Tukapima tena kwa utaratibu ule ule, waya wa pampu ukiwa umechomolewa. Betri wakati wa kuzungusha: 11.0. Upande wa chanya: 0.2. Upande wa hasi: 0.1. Starta sasa inapata volti 10.7, na ukiisikia utadhani ni injini nyingine. Molo alfajiri, nangoja taa ya hita izimike, nazungusha ufunguo, na inashika kabla sijamaliza kuvuta pumzi.

Mzee hana cheti. Elimu yake aliipata kwa fundi mwingine, naye kijana wake anaipata kwake. Serikali ina mitihani ya ufundi chini ya NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, na siku hizi kuna utaratibu wa kuutambua ujuzi wa mtu alioupata kazini bila kupita darasani. Nimemsihi kijana aende akapimwe, na ada nimeahidi kusaidia. Mtu anayejua kupima volti zinazopotea kwenye waya wa hasi anaokoa pesa za watu wengi kuliko duka lolote la spea, na napenda siku moja aweze kuweka karatasi yake ukutani na kulipwa kama anavyostahili. Mzee mwenyewe amekataa. Anasema wateja wake wanamjua.

Wiki hii jirani yangu wa Njoro, mwenye Land Cruiser ya injini ile ile, amenipigia simu. Yake nayo inasema "tak", na alikuwa ameshauliza bei ya starta mjini. Nilimwomba anunue mita kwanza, nikamweleza mahali pa kuweka ncha zake. Jioni akanitumia picha: upande wa hasi, volti 1.4. Jumamosi naenda kwake na kijana wa Mzee, tumebeba waya na ncha mpya. Starta tutaiacha ilipo mpaka tuone.